Makaa ya Ng'ambo

Leipzig, Ujerumani Mashariki
12 Oktoba 1970

Dada yangu Saumu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mama, Mjomba Waziri na kila anayeniulizia. Mimi mzima, ila baridi imeanza, na sisi wanafunzi wa Afrika tunatembea mikono kwapani kama watu walioibiwa mashati. Mwambie mama sijakonda. Nijulishe muhogo wake wa Ziwani umekuwaje, na kama bado anagombana na nguruwe pori au wameshapatana.

Nisalimie shemeji yangu Issa. Mwambie sijasahau kwamba mpiga kasia wa Kilambo alimchukua dada yangu kwa maneno matamu na kapu la kamba.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Gunia la makaa ya mawe alilolitoa shemeji ng'ambo ya Ruvuma limefika. Nililifungua mbele ya profesa na wenzangu wote, nikawaambia: haya yanatoka kwetu. Wakayapima. Ni makaa duni, yana maji na udongo mwingi, ukiyatia jikoni utapata moshi na kikohozi. Lakini makaa duni ndiyo kazi yetu hapa! Tunayasaga, tunayaloweka kwenye maji yenye magadi ndani ya chombo cha chuma, tunatia chumvi kidogo ya shaba na kuyapulizia hewa kwa joto la wastani. Ile chumvi ni kichocheo, inaharakisha kazi na yenyewe haiishi. Hewa inayamega makaa kidogo kidogo mpaka yanageuka tindikali za kila namna: za kutengenezea rangi, za plastiki, za dawa, na moja nyeusi ya kulisha ardhi iliyochoka. Hebu fikiria shamba la mama likilishwa na jiwe. Siri yote ni upole. Joto likizidi, yanaungua yote, unabaki na jivu.

Shida ni moja. Shemeji aliokota yaliyokuwa juu. Jua na mvua vimeshayafanyia ile kazi niliyotaka kuifanya mimi. Nataka ya ndani. Achimbe kwenye ule ukingo wa korongo mpaka akute yanayong'aa, ayatie guniani yangali mabichi na kulishona siku hiyo hiyo.

Ni mimi mdogo wako,
Thabiti


Kilambo
29 Novemba 1970

Mdogo wangu Thabiti,

Alhamdulillahi sisi tumeamka. Mama hajambo, miguu tu inamsumbua, na nguruwe wamemshinda. Barua yako niliipeleka Mikindani nikaisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya mama, mara ya pili kwa ajili ya Mjomba Waziri, ambaye alitikisa kichwa kila ulipotaja tindikali kama mtu aliyezaliwa nayo. Sasa anatembea Mikindani nzima akisema mpwa wake anageuza mawe kuwa dawa.

Issa anakurudishia salamu. Anasema lile kapu la kamba mlilimaliza ninyi wa nyumbani, na wewe ulikula kuliko wote.

Kuhusu makaa, nisikilize vizuri. Ng'ambo si ile uliyoiacha. Watu wanakimbia vita vya Mreno, Issa na mwenzake Fikirini wanawavusha kila wiki, wengine hawana hata mkeka. Wanasema njia za huko zimetegwa mabomu chini ya ardhi, mtu anakanyaga bila kujua. Mgambo wametukataza kupanda ule ukingo. Mara ya kwanza Issa aliokota makaa karibu na maji na kurudi upesi. Hayo unayoyataka sasa ni kupanda mpaka korongoni, kukaa na kuchimba, halafu kushuka na mzigo begani. Anasema anakijua kijia cha wawindaji. Mimi simwamini mtu anayejua kijia wakati wa vita.

Kwa hiyo nakuuliza wewe niliyekubeba mgongoni mpaka meno yakakuota: ni lazima? Ukisema si lazima, Issa anakaa na hakuna atakayekucheka. Ukisema ni lazima, nitamsomea ulivyoandika, neno kwa neno, maana unajua kusoma hajui, na kukukatalia wewe hajui vilevile.

Dada yako,
Saumu


Leipzig
6 Januari 1971

Dada Saumu,

Heri ya mwaka mpya, japo huku mwaka mpya ni theluji na viazi. Mimi mzima. Mwambie mama nimenunua viatu vyenye manyoya ndani. Mjomba Waziri mwambie aendelee kutangaza, anafanya kazi nzuri kuliko redio.

Unauliza kama ni lazima. Ni lazima! Nimeshamwahidi profesa. Kazi yangu ya mwisho inasimama juu ya makaa ya kwetu, na bila hayo ya ndani haina kichwa wala miguu, na shahada nitaisikia kwa wenzangu. Ninyi watu wa mpakani kwa uvumi hamjambo. Mtu mmoja akikanyaga mwiba, kufika jioni mmeshamzika.

Mwambie shemeji hivi: kama anaogopa majani ya ng'ambo, aazime baibui lako, avae, akae jikoni apepete mchele, na kasia ushike wewe. Msomee hivyo hivyo bila kupunguza, halafu uniambie alijibu nini. Nacheka peke yangu chumbani nikiandika haya.

Ni mimi,
Thabiti


(Hii haikutumwa)

Kilambo
3 Machi 1971

Thabiti,

Issa amekufa.

Nilimsomea. Nilimsomea kama ulivyotaka, bila kupunguza. Alicheka sana, kisha akaingia ndani, akatoka uani amevaa baibui langu, akazunguka mbele ya majirani akipepeta ungo mtupu mpaka Fikirini akashika mbavu. Na mimi nilicheka. Kesho yake alfajiri wakavuka wote wawili.

Fikirini anasema walifika korongoni salama. Walichimba, wakayapata yanayong'aa. Issa alikaa palepale akalishona gunia kwa ukindu, maana ulisema yashonwe siku hiyo hiyo. Aliona kulibeba wawili ni uvivu, akalitwaa peke yake begani. Kwa uzito ule akaacha kijia hatua chache tu, apite penye kivuli. Fikirini alikuwa nyuma yake.

Kilichoweza kuletwa kililetwa kwenye mtumbwi wake mwenyewe. Tulikizika alasiri ile ile, upande huu wa mto. Gunia lako lilirushwa kando likaangukia nyasi. Halikupasuka hata uzi mmoja. Fikirini alilileta pia, maskini, akaliweka mlangoni kwangu kama mtu aliyetumwa sokoni.

Sasa niko edani. Wanawake wananijia, wananishika mikono, wanasema ni kazi ya Mungu. Nami nayajua maandishi yaliyomvusha mto, maana niliyasoma kwa mdomo wangu. Nakuchukia leo. Kesho sijui, lakini leo nakuchukia na nataka ulijue hilo mahali ulipo, na viatu vyako vya manyoya.


Kilambo
5 Machi 1971

Mdogo wangu Thabiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi tupo. Mama anakusalimu, Mjomba Waziri yuko hapa Kilambo tangu majuzi, anakusalimu naye, anasema usome kwa bidii na usiwaze ya nyumbani.

Ulitaka nikuambie shemeji yako alijibu nini. Alicheka. Alivuka, akapanda, akachimba mpaka akayakuta yanayong'aa, akayashona siku hiyo hiyo. Baibui hakwenda nalo.

Mjomba alitaka gunia litupwe mtoni. Nilikataa. Fikirini atalipeleka mjini Chikongola dukani kwa Mohamedali, naye atalitia melini pamoja na mizigo yake. Mimi sitoki, niko ndani siku hizi.

Nakuomba jambo moja, na silirudii: gunia hilo lisikae bure. Likishafika niandikie limekuwa nini. Rangi, dawa, chakula cha shamba, chochote. Niandikie kwa jina lake.

Dada yako,
Saumu


Leipzig
20 Mei 1971

Dada Saumu,

Nimefurahi mpaka nikawanunulia wenzangu bia (usimsomee mama hapo). Nilijua tu! Shemeji ukimgusa palipo na uanaume wake, anavuka hata bahari. Mpe mkono wangu. Mwambie jina lake litatajwa katika kazi yangu, ukurasa wa mwanzo kabisa. Wajerumani watavunja ulimi kulitamka.

Gunia bado halijafika. Meli ya Mohamedali nadhani inapita kwanza Makka kuhiji.

Lakini mbona barua yako fupi hivyo? Na mbona shemeji hakuniletea hata tusi moja? Nimezoea barua zako zina mstari wake wa kunitukana. Au amevimba kichwa tangu awe mtafiti? Na hilo la kukaa ndani ni la nini, umekuwa mwari? Au kuna mjomba mdogo anatengenezwa humo ndani, mnataka kunishtukiza? Niambie, nianze kutafuta jina.

Kazi inaendelea. Wiki iliyopita nilizidisha joto, nikaja asubuhi nikakuta chombo kizima ni moshi na jivu. Profesa hakunigombeza, aliniuliza tu kwa nini nina haraka.

Ni mimi,
Thabiti


Kilambo
14 Julai 1971

Mdogo wangu Thabiti,

Salamu zako zote nimezifikisha. Shemeji yako nimemwambia habari ya ukurasa wa mwanzo. Hakujibu kitu. Nilikaa naye karibu saa nzima na hakujibu kitu.

Hakuna mjomba mdogo. Tuliomba miaka saba, hatukupewa. Usinitafutie jina.

Nimeshatoka ndani. Nahamia Mikindani kwa mama, miguu yake sasa haimfikishi kisimani. Mtumbwi amepewa Fikirini. Barua zako sasa andika kwa anwani ya mama. Mjomba Waziri anasema ukimaliza tu urudi moja kwa moja, kuna mambo ya nyumbani yanakungoja. Hakunipa ruhusa ya kuyaandika, na mimi nimekuwa mtii mwaka huu kuliko nilivyowahi kuwa.

Gunia limefika?

Dada yako,
Saumu


Leipzig
2 Novemba 1971

Dada Saumu,

Habari za Mikindani? Mimi mzima, nimebanwa na kuandika kazi yangu ya mwisho. Hapa ni mezani na maabara, maabara na mezani. Nimeanza kuota ndoto za Kijerumani.

Mbona Fikirini kapewa mtumbwi? Shemeji kapata kazi mjini? Nilijua utamvuta tu mjini. Mwambie asije akaacha kuogelea.

Gunia limefika, hatimaye! Lilikuwa limekaa bandarini huku muda mrefu, karani alidhani ni udongo. Nilipoona ule mshono wa ukindu nilicheka peke yangu, nikamwona shemeji kabisa, ulimi nje, anavuta uzi kwa meno. Limekaa chumbani kwangu chini ya dirisha. Nitalishughulikia nikipata nafasi ya chombo, sote tunakigombea.

Mama mpe pole ya miguu. Shemeji mpe mkono.

Ni mimi,
Thabiti


Mikindani
9 Januari 1972

Mdogo wangu Thabiti,

Mama anakusalimu. Sisi wote wa nyumba hii tunakusalimu.

Lile gunia limekuwa nini?

Sikuulizi mambo ya chombo wala nani anakigombea. Nakuuliza kama mhunzi anavyoulizwa jembe la watu. Tangu Novemba liko chini ya dirisha lako. Usiku nikikosa usingizi nalifikiria hilo gunia, najiambia huenda leo limesagwa, huenda leo limelowekwa, huenda leo linageuka. Ulisema limegwe kidogo kidogo. Hilo nalielewa kuliko unavyodhani. Likishageuka, hata kama ni kichupa kimoja cha tindikali, nitapata la kusema mahali fulani ambapo nimekaa muda mrefu sina la kusema.

Nijibu hilo tu.

Saumu


Leipzig
17 Februari 1972

Dada Saumu,

Piga vigelegele, dada! Nimefaulu. Kazi yangu imepita, na profesa amenishika mkono mbele za watu. Mwambie mama aanze kufuga majogoo. Mjomba Waziri mpe ruhusa ya kutangaza mpaka Lindi. Mwezi wa tano nitakuwa kwenye meli, na Juni inshallah nitakuwa nimekaa barazani kwa mama nakula pweza.

Dada, umenikalia kooni na gunia lako, basi nikuambie ukweli, sasa nimeshafaulu na ukweli hauna ubaya. Profesa aliniambia zamani, tangu lile gunia la kwanza, kwamba makaa ya hapahapa yanatosha kwa kazi yangu yote. Yapo kila mahali, wanayachimba nje ya mji. Ya kwetu yalikuwa nyongeza tu, nilitaka mwenyewe ionekane kwamba na sisi tuna kitu. Halafu yalipofika yalikuwa yamekauka njiani na kupasukapasuka, hayafai tena kwa kipimo. Sikuona sababu ya kuyapeleka maabara. Jina la shemeji lingeingia kwa sababu ya makaa yake, na makaa yenyewe hayakuingia, kwa hiyo nalo sikuliweka. Si kitu, nani angelisoma?

Halafu Januari hii baridi ilikuwa ya kuua, na makaa ya mgawo wa chumba chetu yakaisha. Basi mimi na Mkuba mmoja, mwanafunzi ninayekaa naye, tukalikata gunia kwa kisu tukayatia makaa jikoni. Yaliwaka vibaya, moshi mpaka machozi yakatutoka, lakini yalitupa joto jioni mbili. Mkuba alisema: kumbe kwenu mna makaa! Nikaona fahari.

Usimwambie shemeji. Alihangaika kuchimba, atavunjika moyo. Nimemnunulia saa ya mkono, nzuri sana, hata akiingia nayo majini haiharibiki. Nitampa mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, sasa mwenye shahada,
Thabiti


Mikindani
30 Machi 1972

Thabiti,

Uliniambia nisimwambie shemeji yako. Sikumwambia. Nilikwenda Kilambo Jumatatu kwa ajili hiyo, nikafika nikakaa pembeni yake kama ninavyokaa siku zote. Salamu zako zote za mwaka mzima nilimfikishia pale, hata zile za utani. Hii moja sikuweza.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya tarehe tatu Machi mwaka jana. Isome kwanza, halafu rudi hapa.

Umesoma. Basi.

Mjomba Waziri alisema msiba hauandikwi kwa mtu aliye peke yake ugenini, utaacha masomo, na huo ndio utaratibu wetu, nawe unaujua. Alitaka uambiwe ukifika, umekaa chini, umeshikwa mikono na wanaume. Nilikubali mbele ya watu. Moyoni nilikuwa na sababu yangu. Nilitaka kwanza nisikie yale makaa yamekuwa kitu. Nilijiambia yakiwa kitu nitakusamehe, nitakupokea bandarini, nitakupa habari mwenyewe, polepole, na utalia nyumbani kwenu kama mtu. Mwaka mzima nimekulinda kwa ajili ya gunia lile. Kila ulipotania nilikaa kimya. Ulinitafutia jina la mtoto wa mwanamume aliyezikwa vipandevipande, nikakujibu kwa adabu.

Haikuwa lazima. Nilikuuliza kwa maneno yaleyale, ni lazima, ukasema ni lazima. Ulijua kusema hapana hakukugharimu chochote, ukachagua kuchekesha.

Usije kwa mama ukitaka kushikwa mikono. Mama anajua tangu siku ile, na jana nimemsomea barua yako ya Februari, neno kwa neno, bila kupunguza. Hakulia. Aliniuliza tu Mkuba ni mtu wa wapi. Pweza hatakupikia. Mjomba Waziri hatangazi tena kitu. Saa ya mkono ivae wewe, ujue wakati.

Fikirini amesema hataki kukuona Kilambo. Mimi nitakuvusha mwenyewe, maana ulishaniandikia kasia nishike mimi, nami nimejifunza. Nitakuonyesha kijia kilipo na kile kivuli. Kupanda utapanda peke yako.

Lakini kabla ya hayo nina swali, na safari hii usinijibu kwa maabara wala kwa profesa. Issa hana kitu kingine kilichotoka mkononi mwake kizima isipokuwa mshono ule, na mshono umeukata kwa kisu. Nataka nijue kilichobaki kiko wapi, nije nikitaje pale kaburini, maana amelala nusu na mimi sina pengine pa kumsomea.

Jivu ulilimwaga wapi?

Salamu usiniandikie. Niandikie hilo tu.

Saumu